Apu yetu ya tamthilia tuipeleke PlayStation na Xbox? Nani anamlipa nani kule?

MtunzaDaftari (Dar es Salaam)

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu maana hapa ofisini tumebishana wiki nzima mpaka salamu zimekuwa za shida. Tuko wanne, tuna apu ya tamthilia na filamu za Kiswahili, tulianzia kwenye simu za Android, mwaka jana tukaongeza Android TV, wanaolipa hawafiki elfu nne na karibu wote wanalipa kwa M-Pesa au Airtel Money, shilingi 5,000 kwa mwezi. Sasa kuna wateja hasa walioko nje wanatuandikia kila siku, mbona hampo PS5, mbona Xbox siwaoni, na mwenzetu mmoja kashikilia kwamba tukiwa kule tutaheshimika na diaspora watajaa, mimi ndo nashika daftari la hela na naona giza. Kuna kampuni tuliiuliza bei ya kututengenezea, walichotutajia ni karibu mapato yetu yote ya miezi minane, na hapo matunzo ya kila mwaka hayamo.

Ninachotaka kuelewa kwanza ni wakubwa wanafanyaje. Netflix anamlipa Sony ili awekwe pale, au Sony ndo anamlipa Netflix, au kila mtu anabeba mzigo wake? Na ilikuwaje Switch ile ya kwanza ya Nintendo imeuzwa zaidi ya milioni 150 na Netflix haikutua? Nikielewa hilo nadhani nitajua sisi wadogo tunasimama wapi. Mwenye uzoefu asininyime.

FundiWaSkrini (Mombasa)

Ndugu yangu, kazi yangu kwa miaka kadhaa ni hii hii ya kuhamisha apu za video kwenda kwenye TV na mashine za gemu, kwahiyo vumilia nitaandika refu.

Anayelipa ni yule mwenye shida zaidi wakati huo, na shida huwa inahama. Chukua Xbox 360. Netflix iliingia pale Novemba 2008, enzi hizo bado ni kampuni ya kutuma DVD kwa posta huko Marekani, wateja milioni tisa na kidogo, na njia za kufika kwenye TV ya sebuleni zilikuwa za kuhesabu, mojawapo kile kisanduku cha Roku cha dola 99 kilichotoka Mei mwaka huo huo. Microsoft naye alikuwa na mamilioni ya mashine ambazo zimeshakaa chini ya TV za watu na zimeshaunganishwa intaneti. Sharti lake likawa hufungui Netflix kwenye Xbox mpaka uwe unalipia Xbox Live Gold, dola 50 kwa mwaka, yaani mtu amlipe Netflix halafu amlipe na Microsoft ndo aone kile alichokwisha kulipia. Na watu walilipa. Kufika Februari 2009 wanachama milioni moja wa Gold walikuwa wameshaiwasha. Sony alisubiri mwaka mzima, na Netflix ilipofika PS3 Novemba 2009 ilikuja kwa diski, unaletewa diski nyumbani kwa posta, unaichomeka ndo unatazama, Wii ya Nintendo nayo hivyo hivyo mwaka uliofuata, mpaka Oktoba 2010 ndo diski zikaachwa.

Sasa tazama pale hela inapotoka. Mwenye mashine anakula kwenye gemu, kila gemu ikiuzwa dukani kwake anakata kama asilimia 30, na mashine yenyewe mara nyingi anaiuza kwa faida ndogo au kwa hasara kabisa, PS3 ilipotoka 2006 iliuzwa dola 499 na 599 na bado Sony alikuwa anapoteza kwa kila moja. Mtu akinunua mashine ya hasara halafu akatazamia filamu tu bila kununua gemu hata moja, huyo ni mteja wa hasara. Watengenezaji walilijua hilo zamani sana. PS2 ilipotoka Japani mwaka 2000 wengi waliinunua kwa sababu ya DVD maana ilikuwa na bei nzuri ukilinganisha na deki za wakati ule. Microsoft alipokuja na Xbox ya kwanza 2001 akaizuia isicheze DVD mpaka ununue rimoti yake ya kama dola 30, humo ndo alifidia ada ya leseni ya DVD. Nintendo kwenye Wii yeye aliiacha DVD kabisa, asilipie leseni ya kitu kisichouza gemu zake.

Kwahiyo Gold ilikuwa rimoti ile ile ya dola 30 kwa sura mpya. Tatizo Sony aliacha Netflix bure kwa mwenye PS3 yeyote, na mwisho wa 2012 Netflix wenyewe wakatangaza kwamba PS3 ndo inaongoza kati ya vifaa vyote vya kwenye TV kwa kutazama Netflix. Halafu kuna kisa cha BBC ambacho mimi nakipenda sana, iPlayer, apu yao ya kutazamia vipindi, kwenye Wii ilikuwepo tangu 2008 lakini Xbox 360 iliipata Machi 2012, maana BBC inaendeshwa kwa ada ya TV ambayo Waingereza wameshailipa, sasa unamwambiaje mwananchi akalipe tena kwa Microsoft ili aone kitu chake? Ilipokuja ikawa wazi hata kwa asiye na Gold. Julai 2013 Google akaleta Chromecast, kidude cha kuchomeka kwenye TV, kwa dola 35, bei ya chini kuliko Gold ya mwaka mmoja ambayo ilikuwa imeshapanda hadi 60. Juni 2014 Microsoft akaondoa ule ukuta, Netflix, YouTube, Hulu zote zikawa huru. Tangu siku hiyo, kwa ninavyoona mimi, apu za video kwenye mashine za gemu ni kama choo kwenye hoteli, hakuna anayekuja kwa ajili yake lakini isipokuwepo mgeni anaondoka.

MtunzaDaftari (Dar es Salaam)

Mkuu asante sana, hapo kwenye shida kuhama nimekuelewa. Ila ndo inanichanganya zaidi, kama mwenye mashine anatuhitaji ili asionekane ana upungufu, mbona gharama yote inatuangukia sisi?

FundiWaSkrini (Mombasa)

Kwa sababu anayehitajika ni Netflix, Disney na YouTube, nyinyi hamhitajiki, samahani kusema hivyo. Mtu haachi kununua PS5 kwa kuwa hamumo. PS5 ilipotoka Novemba 2020 ilikuwa na Netflix, Disney+, YouTube, Apple TV na Twitch siku ya kwanza, na Apple akawapa wenye PS5 miezi sita bure ya huduma yake, hapo mwenye kutafuta wateja ni Apple. Wakubwa wanabadilishana nafasi kwenye skrini ya kwanza, kitufe kwenye rimoti, ofa za majaribio. Mdogo analeta kila kitu mwenyewe halafu anaomba kukaguliwa.

Na gharama si kuandika apu tu. YouTube wenyewe walihangaika. Walikuwa na kitu walikiita H5VCC, ni Chromium, ule msingi wa kivinjari cha Chrome, iliyobadilishwa ili iweze kukaa kwenye mashine za gemu, mistari milioni 9 ya msimbo wa C++ hata kabla hawajaigusa, kila mashine mpya ikawa ni safari ya muda mrefu, ukigusa hapa kinavunjika kule. Mwishowe wakaandika upya kitu chepesi kinaitwa Cobalt ambacho kazi yake kubwa ni kuendesha apu ya YouTube kwenye vifaa vyenye kumbukumbu ndogo. Hiyo ni Google! Wewe na wenzako watatu mtabeba ukaguzi wa Sony na ukaguzi wa Microsoft, ambao wanataka kujua mtu akichomoa waya wa intaneti katikati ya filamu inakuwaje, akizima mashine na kuiwasha inarudi wapi, akibadilisha akaunti inakuwaje, ukifeli unarekebisha unarudi kwenye foleni. Ongeza leseni za kulinda video zisiibiwe. Ongeza kujaribu kwenye PS4 ya kawaida, PS4 Pro, PS5, Xbox One, Series S, Series X. Na kila mwenye mashine akibadilisha mfumo unarudi tena. Nintendo alizifunga huduma za video kwenye Wii Januari 2019, Netflix ikiwemo, halafu Netflix akaondoka Wii U na 3DS Juni 2021, na yeye ana hela, ila kutunza apu kwenye mashine ambayo watu wanaihama ni hela inayovuja kila mwezi.

Ndo hapo pia naiona Switch. Hulu ilifika Novemba 2017, YouTube Novemba 2018, Netflix ikakaa pembeni. Mwenye Switch mkononi ana simu mfukoni, na TV anayoichomekea Switch tayari ina Netflix. Kwa Netflix, kuingia Switch kungempa masaa ya kutazama kutoka kwa watu wale wale ambao wameshalipa. Jiulize na wewe, hao wanaowaandikia hawana simu? Hawana TV nyingine? Wangelipa zaidi?

KijiweMbagala

Mimi sijui msimbo ila nina mashine tisa za PS kijiweni, saba PS4 na mbili PS5, nina mwaka wa sita kwenye hii biashara kwahiyo nikuambie ya huku chini. Hapa kwangu mechi ni shilingi 500, mashine inakula hela ikiwa vijana wawili wameshika pedi. Kijana akikaa saa mbili kutazama filamu kwenye mashine yangu nimekufa njaa. YouTube yenyewe nimeifuta, Netflix sijawahi kuiwasha. Na mashine nyingi za mjini ziko kwenye vijiwe kama changu, zilizoko majumbani ni chache, halafu zilizoko majumbani ni za watoto wa watu wenye TV za kisasa ambazo apu yako wanaweza kuiweka moja kwa moja.

Lingine ni umeme, hili watu hawalihesabu. Mwaka 2014 shirika la mazingira la Marekani NRDC lilipima likakuta PS4 na Xbox One zikionyesha filamu zinakula umeme mara 30 hadi 45 ya vile vidude vidogo kama Chromecast na Apple TV. PS4 zile za mwanzo zilikuwa karibu wati 90 kwa kutazama tu. Piga hesabu saa tatu kila usiku, mwezi mzima ni kama uniti 8, kwa LUKU ya nyumba ya kawaida ambayo uniti ni kama 350 hivyo, unakaribia 2,800. Yaani mteja wako atalipa 5,000 yako halafu zaidi ya nusu yake iende Tanesco kwa sababu katumia mashine ya gemu badala ya kidude. Mimi niliponunua zile PS4 zilizotumika ndo niliona LUKU inavyokimbia, nikaanza kuzima moja moja mteja akiondoka.

Na akaunti je? Tanzania haipo kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation, Kenya pia haipo. Mashine zangu zote nimezisajili Afrika Kusini, kuna jamaa wanaweka Marekani au Uingereza. Apu zinaonekana kufuata nchi ya akaunti. Ukiweka apu yako kwenye duka la wapi ndo Mtanzania aione?

MtunzaDaftari (Dar es Salaam)

KijiweMbagala ubarikiwe kaka, hilo la akaunti hakuna mtu hata mmoja ofisini alilitaja. Ya umeme naenda kuisoma kikaoni kesho kama ulivyoiandika.

BiMkunazini (Muscat)

Assalam alaykum jamani. Mie ni katika hao walioko nje mnaowasema, nipo Muscat miaka mingi, apu yenu ninayo kwenye simu na ninailipia, dada yangu Unguja ndo huniwekea. Oman akaunti ya PlayStation ipo, wanangu wana PS5 sebuleni na ndiyo inayoishika TV kutwa. Kwahiyo nawaelewa wanaowaambia mje PS5, mama akitaka kutazama tamthilia kwenye skrini kubwa inabidi watoto watoke, nami nichukue rimoti nihangaike na kile kidude cha nyuma ya TV.

Lakini nataka nikuulize mwanangu, usinione mkali. Hizo hizo tamthilia zenu mbona nyingine nikifungua naambiwa haipatikani nchini mwako? Wiki iliyopita nimejaribu tatu, mbili hazikufunguka. Mama yangu ana miaka themanini na mbili, hana raha nyengine huku ila kusikia Kiswahili chake jioni, akauliza kwani wamezifunga kwa nini na mimi nalipa? Sikuwa na jibu la kumpa. Mkija PS5 zitafunguka, au nitaona maandishi yale yale kwa ukubwa zaidi?

MtunzaDaftari (Dar es Salaam)

Wa alaykum salaam mama, shikamoo. Nimesoma mara mbili nikanyamaza. Nitakwambia ukweli, mikataba yetu ya mwanzo na watayarishaji tuliandika Afrika Mashariki tu kwa sababu ilikuwa bei nafuu na tulikuwa hatujui kama kuna mtu nje atatutafuta. Nimeenda kuhesabu sasa hivi, kati ya kazi 112 tulizonazo, zilizo wazi kwa dunia nzima ni 47. Sikuwahi kuziweka hesabu hizi mbili kwenye ukurasa mmoja. Naomba radhi sana kwa mama yako.

KakaLeicester

Mimi naomba kupinga kidogo maana naona mnamvunja moyo. Huku Uingereza mwanafunzi au kijana aliyekuja kazi anapanga chumba, TV aliyonayo ni ya mtumba haina apu yoyote, kitu pekee chenye intaneti kilichochomekwa pale ni Xbox au PS. Mimi Series S yangu niliinunua pauni 249 na ndo TV yangu, redio yangu, kila kitu. Msituhesabu kwa vijiwe vya Mbagala. Sisi tunalipa kwa kadi, tunalipa pauni bila kuguna, 5,000 ya kwenu ni kama pauni moja na nusu, mkitutoza pauni nne tutalipa. Wateja 500 wa namna yangu ni sawa na wateja zaidi ya elfu moja wa nyumbani.

FundiWaSkrini (Mombasa)

KakaLeicester uko sahihi na hesabu yako naikubali, ila kwa mwenye Xbox kuna njia ambayo haihitaji zile hela za miezi minane. Xbox ina kivinjari, Microsoft Edge, tangu 2021 ni ile inayojengwa juu ya Chromium, ila mjaribu kwanza kama inacheza video zenu zenye ulinzi. Mtunza mna tovuti ya kutazamia? Kama mnayo, ifanyeni iendeshwe kwa pedi, herufi kubwa, vitufe vikubwa, mtu asogeze kushoto kulia bila panya, basi mshafika kwenye Xbox bila kumwomba mtu. Baadaye kama idadi inaridhisha mnaweza kuifunga tovuti hiyo hiyo iwe apu, hata Xbox ya kawaida ya dukani inageuzwa kuwa mashine ya majaribio, ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na vifaa vya majaribio vya Sony. PS5 ndo ngumu, haijawekewa kivinjari cha kufungua mwenyewe kwenye menyu, pale ni mkataba na Sony au hakuna.

Na malipo msiyapeleke ndani ya duka la mashine, asilimia 30 itawamaliza. Wekeni namba kwenye skrini, mtu aende kwenye simu aandike ile namba, alipe kwa kadi au M-Pesa, TV ijifungue yenyewe. Netflix hata kwenye iPhone mwisho wa 2018 aliacha kuchukua wateja wapya kupitia malipo ya Apple, na wengi wanaona sababu ni hiyo hiyo asilimia. Someni masharti ya kila duka kabla.

Ila kabla ya yote hayo, lile la BiMkunazini. Ukimleta mtu wa nje kwenye skrini kubwa ukamwonyesha kazi 47 kati ya 112 atakulipa mwezi mmoja tu. Zile hela mnazotaka kumpa mtengenezaji, sehemu yake ndogo ingefungua mikataba mingapi?

MtunzaDaftari (Dar es Salaam)

Nimerudi kutoka kikaoni. Tovuti tunayo ila ni ya kizamani, inahitaji panya. Tumekubaliana kijana wetu apewe wiki sita aitengeneze kwa pedi, ijaribiwe kwenye Edge ya Xbox, KakaLeicester kama uko tayari tutakuomba uwe wa kwanza. PS5 tumeiweka pembeni, mwenzetu hajafurahi lakini alipoona mahesabu ya umeme na akaunti alikubali.

Mikataba naanza nayo mimi mwenyewe Jumatatu. Watayarishaji wanane ndo wameshika zile kazi 65 zilizofungwa, wawili nimeshawapigia jioni hii, mmoja kakubali kufungua dunia nzima kwa kugawana mapato ya nje nusu kwa nusu bila malipo ya mbele, mwingine anataka kwanza aone orodha ya nchi zilizotazama. BiMkunazini nitumie majina ya zile mbili zilizokataa kufunguka, nianze na hizo.

BiMkunazini (Muscat)

Nimekutumia mwanangu. Ile ya pili ndiyo anayoipenda mama, alikuwa amefika sehemu ya kumi na tisa.